Mektrida na Mundu wa Baba Mdogo

Wiki ya mwisho ya Majilio, Sista Mary alimwita Mektrida kwenye chumba cha dawa cha zahanati ya parokia, akarudishia mlango, akamwambia kwamba shirika limekubali kumsomesha mtu mmoja katika mambo ya wagonjwa wa akili, na mtu huyo ni yeye. Kilichobaki ni kuchagua njia.

"Ziko tatu," Sista alisema. "Ya kwanza ni uuguzi wa magonjwa ya akili. Chuo kiko mbali, huko mikoa ya kati, lakini ukirudi nafasi yako iko hapa inakusubiri. Ya pili ni unasihi, Dar es Salaam. Utajifunza kukaa na mtu akaongea mpaka kilichomkaba kikamtoka. Ya tatu wanaiita tiba kwa vitendo. Hiyo inafundishwa hapa hapa Moshi mjini. Wanamrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake, kuoga, kupika, kushona, kulima, chochote alichokuwa akikifanya kabla hajaugua. Ila nikwambie ukweli, binti yangu. Zahanati yetu haina nafasi ya mtu wa kazi hiyo. Ukiisoma, sitaweza kukupokea tena."

"Sista, mimi ni muuguzi. Nitaongeza uuguzi."

"Usinijibu leo. Nenda kale Noeli na watu wako. Uje Jumatatu baada ya Epifania."

Mektrida alitoka mle akiwa na jibu lake mfukoni. Hakuona cha kufikiri. Watu wote wa Kibosho waliokuwa jirani na kwao walikuwa wamekwisha kuona alichomfanyia baba yake mdogo, Wenseslaus, kwa sindano na kwa akili ya kiuguzi, na wote walisema neno moja: ametulia.

Huyu Wenseslaus alikuwa kitindamimba wa babu yake Mektrida. Kwa desturi ya mlimani, nyumba ya wazazi na kihamba kinachoizunguka, yaani migomba, kahawa na makaburi ya wazee, ni vya mtoto wa kiume wa mwisho. Basi kihamba kile kilikuwa chake. Lakini alirudi kutoka shule ya bweni akiwa kijana wa ndevu za kwanza, akisikia watu wakimsema ndani ya maji ya mfereji, na tangu hapo hakuna aliyetamka tena habari ya urithi wake. Kaka yake Filbert, baba wa Mektrida, ndiye aliyehamia kwenye nyumba kubwa na kuushika mji.

Babu hakubishana na ugonjwa. Hakuwa na elimu ya kubishana nao. Alimpa mwanawe mundu, akamwonyesha ng'ombe aliyefungwa bandani, akamwambia huyu asipokula ni juu yako. Toka siku hiyo Wenseslaus aliamka kabla ya kengele ya kanisa, akashuka kwenye majani ya tembo kwenye shamba la chini, akakata, akafunga mzigo, akapanda nao kichwani. Mchana alikatakata vigogo vya migomba. Jioni akazoa samadi akaipeleka kwenye kahawa. Miezi mingine alikuwa na nafuu. Miezi mingine alisimama kwenye mfereji akayatukana maji, na watu wakapita wakisema, "Shikamoo, mkata majani," naye akakatisha matusi yake, akaitika marahaba, kisha akaendelea.

Si kwamba zamani ilikuwa peponi. Walikuwapo waliofungwa kamba nguzoni mpaka kamba ikala nyama. Lakini mtu aliyekuwa na mnyama wa kulisha alikuwa mtu. Mnyama hakumuuliza anasikia nini usiku. Siku hizi mlimani kuna nyumba za ghorofa zenye mageti ya chuma, ndani hamna kuku, na mwenyewe huja mara moja kwa mwaka kufukuza popo.

Mektrida alikulia nyuma ya mzigo ule wa majani. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la sita, na kaka yake pekee, Denis, alikuwa ameshakwenda zake Dar es Salaam kwenye shughuli za kutoa mizigo bandarini. Nyumbani walibaki wanaume wawili na mtoto wa kike. Filbert hakuwa mtu wa maneno. Aliyemsindikiza Mektrida shuleni asubuhi ya ukungu, akimkatia jani la mgomba la kujifunika mvua, alikuwa baba yake mdogo. Wenzake walimcheka. "Umeletwa na kichaa!" Alikuwa akiwajibu, "Kichaa chetu kina ng'ombe. Cha kwenu je?"

Aliposoma uuguzi, hakusema popote kwamba ni kwa ajili ya Wenseslaus. Na alipopangiwa zahanati ya parokia, karibu na nyumbani, watu walidhani ni bahati tu.

Kosa lake alilifanya masika ya mwaka huo. Mvua zilikuwa nyingi, mfereji ulifurika, na sauti za Wenseslaus zilifurika nazo. Asubuhi moja alisimama katikati ya njia ameinua mundu, akawazuia akina mama waliokuwa wakienda kwenye sala ya jumuiya. Aliwaambia wanapeleka maji ya baba yake kwa watu wa chini. Hakumgusa mtu. Lakini akina mama walikimbia, mmoja akaanguka kwenye matope akaumia goti, na jioni Filbert alikuwa na ujumbe wa wazee wa jumuiya kibarazani kwake.

Mektrida alikuwa ametoka kwenye semina. Walikuwa wamefundishwa kwamba mgonjwa akichafukwa, kitu cha kwanza ni kumwondolea vyenye makali. Ni fundisho zuri. Aliporudi nyumbani alikusanya mundu, panga na shoka, akavifunga kwenye gunia, akavipeleka zahanati na kuvifungia kwenye kabati la mashuka. Kisha akampeleka baba yake mdogo kwa daktari mjini, akaandikiwa sindano ya kila mwezi, na yeye mwenyewe akawa anamchoma.

Sindano ilifanya kazi yake. Sauti zilipungua, zikawa kama watu wanaoongea nyumba ya pili. Kwa sindano hakuna wa kulaumiwa. Ila fundisho lilisema mgonjwa akichafukwa, halikusema mgonjwa akishatulia, na Mektrida hakukumbuka kuurudisha mundu. Mwezi wa sita ukapita, wa nane ukapita. Kijana wa bodaboda aitwaye Praygod akawa analeta majani makavu ya mpunga kutoka Chekereni, ng'ombe akayatafuna bila hamu. Wenseslaus alipewa kiti cha plastiki barazani. Alikaa pale tangu chai mpaka giza, mikono imelala mapajani ikitetemeka kidogo, macho kwenye migomba.

"Ametulia," walisema akina mama wa jumuiya.

"Ametulia sana," alisema Filbert. "Huyu binti ana mkono."

Mektrida naye aliliamini neno lile. Lilikuwa cheti chake kabla ya chuo.

Noeli ikafika na magari yake. Kuanzia tarehe ishirini barabara ya Kibosho ilijaa magari kutoka Dar, mageti yakafunguliwa, miziki ikapandana. Denis alikuja na mkewe na gari jipya. Usiku ule ule alimsikiliza dada yake habari za njia tatu, akacheka.

"Nenda unasihi, usijisumbue. Mjini watu wana pesa na wana stresi. Unakaa kwenye kiti, kiyoyozi kinapuliza, mtu anaongea, wewe unaitika pole, pole sana. Saa ikiisha anatoka, anaingia mwingine."

"Hata wewe unaweza kuifanya hiyo."

"Mimi siwezi kusikiliza mtu. Muulize wifi yako."

Mkewe alisema kweli kabisa, hawezi.

Siku yenyewe ya Noeli, baada ya misa, walichinja mbuzi. Mgao wa nyama mlimani si jambo la kila mtu kujinyofolea. Kila kiungo kina mwenyewe, na mwenye kupewa hujua amepewa kwa nini. Katika ukoo huu, tangu kwa mababu, shingo ya mbuzi ilikuwa ya aliyemlisha. Kila Noeli ambayo Mektrida aliweza kuikumbuka, babu na baadaye Filbert alikata shingo, akaita, "Mlishaji!" na Wenseslaus akaja mbele ya watu wote kuipokea kwa mikono miwili.

Mwaka huo pia Filbert aliikata. Akaiinua. Akaita, "Mlishaji!"

Wenseslaus alikuwa ameshanyanyuka kwenye kiti chake.

"Praygod yuko wapi?" Filbert aliendelea. "Njoo, kijana. Umetubebea majani mwaka mzima."

Praygod alikuja anacheka kwa aibu, kofia mkononi. Wenseslaus alikuja pia. Walisimama wote wawili mbele ya nyama.

"Hiyo ni ya kwangu," Wenseslaus alisema.

"Wewe utakula nyama laini, mdogo wangu. Mchuzi upo, kisusio cha damu kipo. Shingo ina kazi."

"Kazi naijua."

Denis alikuwa na kata ya mbege mkononi na mbege nyingine kichwani. "Bamdogo," alisema, "mwaka huu umelisha nini? Upepo?"

Watu walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Ni kile cha watu walioshiba ambao wamezoea kumtania mtu. Mektrida naye alitabasamu, kwa sababu wote walikuwa wakitabasamu, na mdomo wake ulikuwa bado umekaa hivyo wakati Wenseslaus alipogeuka akamtazama yeye. Si Filbert, si Denis. Yeye. Kisha akashuka kati ya migomba.

Praygod alisema, "Mzee, mpeni tu, mimi sina neno."

"Chukua, kijana. Huyu kesho hata hatakumbuka."

Walikula. Walikunywa. Wimbo ulianzishwa ukakwama, kwa kuwa aliyejua maneno yake alikuwa babu na babu yuko chini ya migomba. Mektrida aliwapa watu maji ya kunawa, na alipofika kwenye kiti cha plastiki akakuta bado kiko kitupu. Aliweka birika chini, akafuata njia ya shamba la chini.

Alimkuta ndani ya majani ya tembo. Alikuwa anayang'oa kwa mikono. Jani la tembo lina makali pembeni kama wembe, na anayelikata huyashika mashina yake chini, kwa mundu, kwa uangalifu. Wenseslaus alikuwa anayakumbatia na kuyavuta. Shati lake la Noeli lilikuwa na mistari ya damu, na viganja vilikuwa vimechanika hata visionekane ngozi. Pembeni yake alikuwa amelaza rundo dogo, limepangwa vizuri, vichwa upande mmoja.

"Bamdogo! Unafanya nini?"

"Ng'ombe hajala."

"Amekula. Praygod ameleta majani."

"Yale makavu? Yale ni ya kumtandikia alalie."

Alimshika mikono akamketisha. Alichana kitenge chake, akaanza kumfunga. Mikono ile ilitetemeka kwenye mikono yake, na hakujua ni sindano au ni kitu kingine.

"Mundu wangu uko wapi, Mektrida?"

"Niliuchukua mimi."

"Najua. Nilikuona na gunia."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Ningesema, ungeandika kwenye faili kwamba nimeanza tena."

Mektrida alitaka kubisha, lakini angeandika. Alijua hata maneno ambayo angetumia. Aliendelea kufunga kitambaa, akakaza mpaka Wenseslaus akaguna, akalegeza.

Asubuhi ya pili alikwenda zahanati, akafungua kabati la mashuka, akautoa mundu. Ulikuwa umeshika kutu. Aliuweka mezani mbele ya baba yake na kaka yake wakiwa wanakunywa mtori.

"Nataka bamdogo arudishiwe kazi yake," alisema. "Sindano ataendelea nayo. Nitamwomba daktari aangalie huo mtetemeko. Lakini awe anakata majani."

Filbert aliutazama mundu kama mtu aliyeletewa kiatu cha marehemu. "Majani ya nini?"

"Ya ng'ombe."

"Ng'ombe anaondoka. Kuna mtu wa Sanya Juu anakuja kumchukua baada ya mwaka mpya."

Denis alifuta midomo. "Sikia, dada. Tulikuwa tukwambie. Pale chini tunajenga vibanda vya wageni. Vile vya mbao, vya kisasa. Mtalii ameshuka kileleni miguu inamuuma, anataka kulala mahali anaona migomba, anasikia ndege. Na banda la ng'ombe lilivyo, linanuka mpaka barazani."

"Pale chini ni kwa bamdogo. Kihamba hiki ni chake."

"Nani kakataa? Si anakaa hapa? Anakula, analala, anachomwa sindano na muuguzi wake mwenyewe bure. Kuna kitindamimba gani Kibosho nzima aliyetunzwa hivyo?"

"Anakaa kwenye kiti."

"Kwa hiyo wageni waje wamkute na mundu mkononi? Mektrida, wewe mwenyewe ndiye uliyeuondoa!"

Filbert, ambaye hakupenda kelele mezani, alisema kwa upole kuliko mwanawe, na upole wake uliuma zaidi. "Baba yetu alimpa mundu kwa sababu hakuwa na hospitali. Sisi tuna hospitali. Tuna wewe. Nenda kasome huo uuguzi, urudi, umtunze."

"Basi mwacheni ng'ombe. Nitamkamua mimi kabla ya kazi. Yeye atalisha."

"Na ukienda chuo?"

"Nikienda cha hapa mjini nitarudi kila jioni."

"Cha mjini si ndicho kile kisicho na ajira?" Denis alisema. "Utasoma ufundishe watu wazima kuoga?"

Filbert aliuchukua mundu mezani, akautupa juu ya dari ya jikoni, mahali palipokaa moshi na vitu vilivyosahauliwa.

Kabla ya siku ya jibu, Mektrida aliteremka mjini kukiona chuo kile kwa macho yake. Alipokelewa na mwalimu aitwaye Yuditha, mama mnene wa Machame mwenye sauti ya kwaya, ambaye alimwingiza kwenye chumba chenye cherehani, jiko, kitanda na bustani ndogo dirishani. Mzee mmoja alikuwa akishona mfuko wa shule. Alikuwa fundi kabla hajaugua. Alishona polepole sana, akafumua, akashona tena.

"Wengine wanadhani tunawachezesha," Yuditha alisema. "Watu wanatuletea ndugu zao wanasema, mpeni chochote cha kumshughulisha. Mimi nawauliza, hicho atakachofanya nani anakingoja? Huo mfuko wa huyu mzee ni wa mjukuu wake. Shule inafunguliwa wiki ijayo. Mtoto amepiga simu mara mbili anauulizia."

"Na kama hakuna anayekingoja?"

Yuditha alimtazama. "Hapo ndipo kazi yetu inakuwa ngumu, mdogo wangu. Mikono tunaweza kuifundisha upya. Mtu wa kungoja hatuwezi kumtengeneza hapa ndani."

Mektrida alirudi na maneno hayo. Njiani alijaribu kuzipima njia zake kama mtu anayechagua mbegu. Uuguzi ungempa tena neno lile, ametulia, kutoka kwa wake na waume wengi, na nafasi ya kazi, na furaha ya baba yake. Lakini alikwisha kuona kilichokuwa chini ya neno lile, kilikuwa kimejipanga vizuri kwenye rundo dogo la majani yenye damu. Unasihi ungemfundisha kusikiliza. Wenseslaus hakuwa na la kusema zaidi ya alilokwisha kusema. Ilibaki njia isiyo na ajira mwisho wake. Na hata hiyo, kama angeifuata, ng'ombe ambaye angemrudishia baba yake mdogo alikuwa tayari ameuzwa kwa maneno.

Mtu wa Sanya Juu alikuja kweli. Ng'ombe alipandishwa kwenye gari dogo, akakataa, akasukumwa. Wenseslaus hakutoka chumbani. Magari ya Dar yakaondoka moja moja, mageti yakafungwa, na mlima ukarudi kuwa wa wazee na mbwa.

Jumatatu baada ya Epifania, Mektrida alisimama mbele ya Sista Mary.

"Tiba kwa vitendo," alisema.

Sista alivua miwani. "Umenielewa nilichokwambia kuhusu nafasi?"

"Nimekuelewa, Sista."

"Baba yako anajua?"

"Atajua leo."

"Ni kwa ajili ya mzee Wenseslaus?"

Mektrida alifikiri. "Nilidhani ni kwa ajili yake. Sasa sina hakika kama nitakuwa na cha kumpa. Lakini sitaki tena kumnyang'anya mtu kitu nikasifiwa."

Sista Mary aliandika jina la chuo. Hakumpongeza, wala hakumlaumu. Alisema tu, "Haya. Mungu akusimamie," kwa namna ambayo masista husema wakiona mtu anaingia mtoni.

Alipokaribia nyumbani alisikia majembe. Vibarua walikuwa wameanza shamba la chini. Walikuwa wameshafyeka majani yote ya tembo, sasa wanang'oa mashina, ardhi nyekundu imekaa wazi kama kidonda. Majani yaliyofyekwa yalikuwa yamelazwa ovyo kando, na Wenseslaus alikuwa amesimama juu yake na vitambaa vyake mikononi. Filbert alikuwa juu, chini ya mgomba, akisimamia kazi.

Mektrida alimwendea baba yake kwanza, akamwambia alichochagua. Filbert hakupaza sauti. Alisema, "Kwa hiyo umeitupa kazi ya zahanati," na akageuza uso kuwatazama vibarua. Hakumwambia neno lingine wiki ile nzima.

Akashuka kwa Wenseslaus.

"Bamdogo, nimechagua chuo. Nitasomea kuwarudishia watu kazi zao."

"Eeh." Aliyatazama majani. "Na mimi utanirudishia ipi?"

Mektrida alisimama tu pale, naye akasimama, mpaka jirani yao Elisifa, mjane wa Kilutheri aliyeolewa Kibosho miaka mingi, alipojitokeza kwenye mimea ya masale iliyopandwa mpakani. Alikuwa na ng'ombe mmoja na mgongo mbovu.

"Baba Denis!" aliita kwa Filbert. "Hayo majani mnayachoma? Naomba mzigo, wangu tangu jana anatafuna ganda la ndizi."

"Chukua yote, mama. Yananizuia."

"Nitachukuaje na mgongo huu? Sina hata mtu."

Wenseslaus alikuwa amekwisha kuinama. Alikusanya majani, akayageuza vichwa upande mmoja, akayakandamiza kwa goti. Mikono ilitetemeka na kamba ya mgomba ikamponyoka, akaianza tena. Mektrida alinyoosha mkono kumsaidia kufunga, kisha akaurudisha. Ilimchukua muda mrefu. Vibarua waliacha majembe wakamtazama. Mwishowe fundo likashika, akausimamisha mzigo, akajitwika.

"Wenseslaus!" Filbert alisema kutoka juu, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Unaupeleka wapi? Kwenye kihamba chako mwenyewe ukawe kibarua wa watu? Watu watasema nini?"

Wenseslaus alisimama na mzigo kichwani. Mektrida aliona shingo yake ikikaza.

"Ng'ombe wa huyu mama hajala," alisema, bila kugeuka.

Akavuka mpaka wa masale. Elisifa alitangulia akimwonyesha njia, akiongea bila kukoma, akimwambia huyu ng'ombe wangu ni mkorofi, usimsogelee kwa nyuma. Mektrida aliangalia rundo lililobaki. Lilitosha mizigo miwili, labda mitatu. Baada ya hapo hakuna jani la tembo litakaloota tena pale, na hata hiyo nafasi ya kuwa kibarua wa jirani ingekwisha. Alifunga mzigo wa pili kama alivyofundishwa akiwa mtoto, vichwa upande mmoja, akauinua, akafuata nyuma, huku vibarua wakirudi kwenye mashina na baba yake akiwa amewapa wote mgongo.